Kampuni ya kubeti inataka chumba changu, na mwanangu mwenyewe anabeti

Shangazi,

Asalaam aleikum. Nina miaka 51, ni mjane, naishi Malaba upande wa Uganda. Marehemu mume wangu aliniachia kiwanja kando ya barabara. Mbele kuna vyumba vitatu vya maduka, na nyuma ndipo tunapoishi. Tangu azikwe, vyumba hivyo ndivyo vimetulisha. Kimoja nimempangisha kijana anayeuza vipuri vya pikipiki. Cha pili kina mama anayepikia madereva wa matrela na tanboi wao. Cha tatu, kile kikubwa cha kona, alikuwa nacho muuza simenti aliyekuwa akinilipa Sh 350,000 kwa mwezi bila kunisumbua, lakini amehamia Tororo mjini na chumba kimekaa miezi mitatu kimefungwa.

Sasa amekuja bwana mmoja wa kampuni ya kubeti. Ameangalia chumba, amepima ukuta wa kuweka televisheni, akaniuliza bei. Kabla sijajibu yeye mwenyewe akasema Sh 700,000 kwa mwezi, na miezi sita atalipa kwa mkupuo mmoja. Hiyo ni Sh 4,200,000 mkononi siku ya kutia saini. Shangazi, sijawahi kushika pesa kama hiyo tangu mume wangu afariki. Binti yangu yuko kidato cha tano, analala shuleni, na karo ya muhula uliopita sijaimaliza. Mhasibu wa shule amenipigia simu mpaka naogopa kuipokea.

Mtu mwingine anayekitaka chumba ni mama wa saluni. Anasema anaweza Sh 300,000, lakini alipe mwezi kwa mwezi, na mwezi wa kwanza nimpe muda kidogo.

Ingekuwa ni hesabu hiyo tu nisingekuandikia. Shida ni kijana wangu wa pili. Ana miaka 22, anaendesha boda boda ya mkopo, malipo ni kila wiki. Ni kijana mwenye heshima, haguswi na pombe, wala hajawahi kunijibu vibaya. Lakini anabeti. Mwaka juzi alishinda Sh 1,300,000 kwa mkeka mmoja, ile tiketi ya kubashiri mechi nyingi kwa pamoja. Alininunulia mbuzi wa Idd na akalipa karo ya mdogo wake, mtaa mzima ukajua. Tangu siku hiyo hajatulia. Anaamka usiku kuangalia mechi za nchi ambazo hata hajui ziko wapi. Siku hizi kuna na ule mchezo wa kindege kwenye simu, kinapaa halafu kinatoweka na pesa yako. Amechelewesha malipo ya pikipiki, nimemlipia mara mbili. Aliuza simu ya dada yake, akasema imeibwa steji. Juzi nilikuta pesa ya chama chetu cha akina mama, niliyoiweka kwenye kopo la chai, imepungua Sh 80,000. Sikumuuliza. Nilijazia mwenyewe, nikalia peke yangu.

Aliposikia habari ya chumba, aliniambia, "Mama, chukua hiyo pesa. Mimi nabeti kwa simu, chumba chako hakiongezi wala hakipunguzi." Shemeji yangu, ndugu wa marehemu, anasema pesa haina rangi, na nikikataa, jirani wa ng'ambo ya barabara ana chumba kitupu na atakubali siku hiyohiyo. Mpangaji wangu wa chakula anashangilia, anasema vijana wakija kutazama mpira watakula kwake. Mke wa sheikh wetu amenivuta pembeni akaniambia ni haramu, na marehemu angelikuwepo asingekubali. Hilo la marehemu najua ni kweli. Lakini marehemu hayupo, na karo nadaiwa mimi.

Nimemwambia yule bwana anipe mpaka mwisho wa mwezi. Je, nikipokea kodi hiyo nitakuwa nimekosa? Nikikataa, jirani akachukua, na mwanangu akaendelea kubeti kwenye simu yake, nitakuwa nimepata nini zaidi ya umaskini? Na huyu mtoto nimfanyeje?

Mama Mwenye Nyumba, Malaba

*

Wa aleikum salaam, dada yangu.

Chumba usiwape. Nakujibu hilo kwanza kwa sababu siku za yule bwana zinakwisha. Najua jibu langu linakutoa Sh 400,000 kila mwezi, na kwa mama mwenye mtoto bwenini hiyo si pesa ya kudharau. Kwa hiyo nitakueleza kwa kirefu, halafu tutafika kwa kijana, ambaye kwa maoni yangu ndiye barua yako yote.

Jiulize kwanza hizo Sh 700,000 zinatoka mfukoni mwa nani. Muuza simenti alikuwa anakulipa kutoka kwa watu waliojenga nyumba, wakabaki na nyumba. Duka la kubeti linalipa kodi ya chumba, mishahara, umeme, televisheni, leseni na kodi ya serikali, kisha mwenye kampuni apate faida yake, na yote hayo yanatoka katika kile wateja walichopoteza. Kwingine hakutoki hata shilingi. Serikali nayo imo: mwaka 2023 kodi ya michezo ya kasino ilipandishwa kutoka asilimia 20 hadi 30, ya kubashiri mechi ikabaki 20, na hukatwa kwenye pesa inayobaki baada ya washindi kulipwa. Tuseme duka kama hilo linahitaji Sh 3,000,000 kwa mwezi ili lijiendeshe tu. Maana yake watu wanaofika hapo kwa miguu lazima wapoteze zaidi ya milioni tatu kila mwezi kabla mwenyewe hajaanza kufurahi. Na ni akina nani wanaofika kwa miguu kwenye kona yako? Ni wapagazi wa mpakani, vijana wa boda boda, wabadilisha pesa, tanboi waliopewa posho ya njiani. Ni walewale wanaonunua vipuri kwa mpangaji wako wa kwanza na sahani ya wali kwa mpangaji wako wa pili. Huyo mama anayeshangilia atauza vizuri mwezi wa kwanza. Baada ya hapo ataanza kuandika madeni kwenye daftari, na akichelewa kukulipa kodi utajua imekwenda wapi.

Yule bwana bila shaka amekwambia biashara yao ni halali. Ni kweli, na haikuanza jana. Uganda ilikuwa na sheria ya bahati nasibu ya mwaka 1967 na ya kamari na pools (kubashiri matokeo ya mechi) ya 1968. Zote mbili zilifutwa na Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016, iliyounda bodi ya taifa ya kutoa leseni na kusimamia. Lakini sheria hiyohiyo inasema mtu aliye chini ya miaka 25 haruhusiwi kucheza. Sikosei, dada: si 18, ni 25. Mwanao wa miaka 22 hana ruhusa kisheria ya kuweka dau hata la Sh 500, dukani wala kwenye simu. Sasa simama mlangoni pa duka lolote la kubeti siku ya Jumamosi jioni, uhesabu nyuso. Binti wa dirishani hatamuomba kitambulisho kijana anayemjua mtaani, anayekuja na pesa mkononi. Ukikipangisha chumba, uvunjaji huo wa sheria utakuwa unafanyika mbele ya nyumba yako, kwa watoto uliowaona wakizaliwa.

Wala usingoje serikali ikuamulie. Januari 2019, David Bahati, aliyekuwa waziri wa nchi wa fedha, alitangaza kwamba Rais Museveni ameagiza leseni mpya zisitolewe na zilizopo zisihuishwe zikimalizika, kwa sababu vijana wanaacha kazi. Watu wengi walifurahi. Leo wewe una bwana anayepima ukuta wako.

Tuje kwenye hoja ya jirani. Ndiyo, huenda akachukua. Hilo litakuwa lake. Shemeji yako anakupa hesabu ambayo kwayo hakuna mtu angekataa chochote duniani, maana jirani yupo kila mahali. Ila usiishie kukataa peke yako kimyakimya. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na akina mama wenzako wa chama, mseme wazi kwamba mtaa hautaki duka hilo mahali watoto wa shule wanapopita. Jirani akisikia watu kumi wamesema, atafikiri mara mbili, na yule wa kampuni pia, kwa sababu biashara ya namna hii haipendi kelele.

Hoja ya mwanao, kwamba simu imeshamaliza mchezo, ina ukweli nusu. Kwake yeye ni kweli. Lakini duka na simu haviwapati watu walewale. Laini ya simu Uganda husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na akaunti ya pesa za simu vivyo hivyo. Mtoto wa miaka 14 hana hivyo. Dukani anahitaji noti ya elfu moja tu na kaka mkubwa wa kumwandikia mkeka. Pale ndipo anapojifunza lugha yake, odi (kiasi dau linavyozidishwa ukishinda), dau, mkeka kutiki (kushinda) na mkeka kuchanika (kushindwa), na anaona wakubwa wakiifanya kama jambo la kawaida. Vijana wengi wanaobeti kwenye simu leo walianzia kwenye benchi la duka. Usiwe wewe mwenye benchi.

Kuhusu haramu, mke wa sheikh amekukumbusha kwa nia njema, lakini nenda kwa sheikh mwenyewe ukazungumze naye kwa utulivu, umweleze na karo. Mimi nitakwambia kilichonigusa siku zote. Aya ya 219 ya Suratul Baqara haikanushi kwamba ulevi na kamari vina manufaa kwa watu. Inakubali yapo, kisha inasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Anayekwambia kuna faida hakudanganyi: zipo ajira mbili tatu za dirishani, zipo kodi za serikali, ipo kodi ya chumba chako. Na Al-Maida, aya ya 91, inataja uadui na chuki vinavyoingia kati ya watu. Wewe umeyaona hayo nyumbani mwako, kwenye kopo la chai.

Sasa kijana.

Kwanza, usimwite mwizi, na pia usiendelee kunyamaza. Si kila anayebeti ni mgonjwa. Wako watu wazima wanaoweka elfu moja kwa Arsenal Jumamosi, Jumapili wamesahau, na sina ugomvi nao mkubwa. Mwanao amevuka hapo. Anafukuza hasara, anaamka usiku, ameuza kitu kisicho chake, ametoa uongo, amegusa pesa ya chama. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, limeiweka hali hii pamoja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Ndiyo sababu matusi na viapo mbele ya msahafu havimtoshi mtu. Ataapa leo akimaanisha, na keshokutwa mkono utakwenda kwenye simu.

Tatizo lake lilianza siku ya mbuzi wa Idd. Najua inauma kusikia, kwa sababu ile ilikuwa siku ya furaha, na alikufurahisha kwa moyo safi. Lakini siku hiyo alionekana mwanamume mbele ya mtaa wote, baba yake akiwa hayupo, na tangu hapo anaitafuta siku ile irudi. Ukizungumza naye, zungumza juu ya hilo. Mwambie heshima yake kwako haikutoka kwenye ule mkeka. Chagua saa ambayo hajapoteza wala hajashinda, mkiwa wawili tu, mkiwa mmekula. Mwambie unajua kuhusu Sh 80,000 na simu ya dada yake. Halafu nyamaza, umsikilize.

Baada ya hapo muombe akufanyie jambo moja: achukue taarifa ya akaunti yake ya pesa za simu ya mwaka mzima. Kampuni za simu hutoa. Akae na kalamu, ajumlishe yote yaliyokwenda kwa kampuni za kubeti, kisha yote yaliyorudi. Hesabu afanye yeye, wewe usimfanyie. Vijana wanakumbuka kila ushindi kwa tarehe, lakini ile elfu mbili ya kila siku haikai kichwani. Ile Sh 1,300,000 iwemo pia, asije akasema umemwonea.

Kisha mweleze hesabu ya mkeka, maana ni mtu mwenye akili na hesabu humshika. Mkeka wa mechi 10, tuseme kila timu aliyoichagua kweli ina nafasi 7 kati ya 10 za kushinda. Ni timu nzuri hizo. Lakini zote 10 kushinda pamoja, nafasi haifiki 3 katika 100. Katika mikeka 35 ya namna hiyo utakaotiki kwa wastani ni mmoja. Akiweka Sh 2,000 kila mara, atakuwa ametoa Sh 70,000. Kampuni ingekuwa inalipa sawasawa, mkeka huo mmoja ungemrudishia kiasi kama hicho. Ila katika kila mechi kampuni huipunguza odi kidogo. Tuseme ni asilimia 5. Punguzo hilo linajirudia katika mechi zote 10, na anachopata mwisho ni kama Sh 42,000. Sh 28,000 zimeondoka bila yeye kukosea mpira hata kidogo. Kadiri anavyoongeza mechi kwenye mkeka ili ushindi uwe mkubwa, ndivyo sehemu ya kampuni inavyokua.

Na kuna jambo katika hesabu hiyohiyo ambalo huwatesa zaidi. Katika mikeka 100 kama hiyo, kama mitatu itatiki, lakini kama 12 itachanika kwa mechi moja tu. Kwa hiyo kila anayebeti ana hadithi nyingi za "nilibakiza timu moja". Anaamini yuko karibu, anaamini anaujua mchezo na amekosa bahati kidogo. Hayuko karibu. Mkeka wa mechi 10 umetengenezwa hivyo, uchanike kwa mechi moja mara nne kwa kila mara moja unaotiki. Kile kindege hakina hata mpira wa kuujua, kompyuta ndiyo inayoamua kitoweke lini. Wale wanaouza "mechi za uhakika" kwenye makundi ya simu nao ni matapeli, awatoe kabisa.

Upande wa pesa, dada, uwe mgumu. Umemlipia pikipiki mara mbili na umejazia kopo la chai. Umefanya kwa huruma, lakini kila mara ulipolipa, hasara yake ilikuja kwako na yeye akabaki na nafasi ya kujaribu tena. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na wewe umeandika mwenyewe kwamba umelia peke yako. Kuanzia sasa usimpe pesa mkononi kwa ajili ya deni la kubeti, hata akikuonyesha ujumbe wa vitisho. Pikipiki ni kazi yake, hiyo ni tofauti. Ukiamua kumsaidia awamu moja isichukuliwe, lipa wewe moja kwa moja kwa waliomkopesha, mara moja, mbele ya mjomba wake, na aandike atakavyorudisha. Zile Sh 80,000 za chama azirudishe yeye kwa kazi yake, kidogo kidogo kila jioni.

Boda boda hupata pesa kila siku, na pesa ikikaa kwenye simu ya mtu anayebeti imeshafika mlangoni pa kampuni. Steji nyingi zina chama cha akiba. Mwenyekiti wa steji yake akikubali, mwanao akabidhi ya pikipiki taslimu kila jioni kabla hajarudi nyumbani. Aiandikie kampuni ya kubeti imfungie akaunti, na programu zake azitoe kwenye simu akiwa mbele yako. Hivi vyote anaweza kuvizunguka akitaka. Faida yake ni kwamba vinamchelewesha, na hamu ya kubeti mara nyingi hupita mtu akicheleweshwa nusu saa.

Ficha karatasi za kiwanja, na usizifiche nyumbani. Kama tangu mume wako afariki hujaenda mahakamani kuchukua barua za usimamizi wa mirathi, nenda Tororo uulizie, ofisi ya LC1 itakuandikia barua ya kuanzia. Kijana mwenye madeni huanza kuzungumza juu ya "sehemu yangu", na kiwanja cha kona mpakani hakikosi mnunuzi wa kumshawishi. Simsemi shemeji yako kwa ubaya, lakini wakati huu karatasi hizo asishike mtu mwingine.

Mpeleke pia akaonane na mhudumu wa afya ya akili. Anzia hospitali ya Tororo, waulize. Wakikuelekeza mbele, hospitali ya rufaa ya Mbale ina kitengo hicho, na kwa taifa zima ipo Butabika, Kampala. Watu wanaona aibu, wanadhani Butabika ni ya wanaookota makaratasi barabarani, kumbe inapokea waraibu pia. Na hili nalisema kwa uzito wote: siku ukimsikia anasema afadhali afe, au anagawa vitu vyake, au amekaa kimya isivyo kawaida baada ya hasara kubwa, usimwache peke yake hata saa moja. Mwite mjomba wake, mwende hospitali usiku huohuo. Deni hulipwa polepole, hata miaka miwili.

Utaona kwamba haya yote ya kijana hayategemei chumba. Ungekipangisha, angehitaji msaada. Usipokipangisha, bado anauhitaji. Ila ungejaribuje kumwambia aache, huku yeye anajua karo ya mdogo wake inalipwa na duka lilelile? Neno lako kwake lingekuwa limeisha nguvu, na hilo neno ndilo mtaji mkubwa ulio nao.

Basi tupunguze pengo la pesa. Chumba kikubwa kilichotosha simenti na mabati ni kikubwa mno kwa saluni. Mwite fundi akukadirie ukuta wa mbao katikati na mlango wa pili upande wa kona. Saluni ibaki na upande mmoja kwa Sh 250,000, na upande wa pili mtafute wakala wa pesa za simu au fundi wa simu, mpakani hawakosekani. Ukipata Sh 500,000 kwa vyumba hivyo viwili umeshampita muuza simenti, na pengo na yule bwana ni Sh 200,000. Mama wa saluni akitaka bei ishuke hivyo, naye alipe miezi miwili mbele, hapo anapata nafuu ya kweli na wewe unapata cha kumpelekea mhasibu.

Na mhasibu huyo usimkimbie. Nenda shuleni kwa miguu yako, uonane na mwalimu mkuu, upeleke hata kidogo ulicho nacho, mwandikiane utalipa kiasi gani na lini. Shule zinazowafukuza watoto ni nyingi, lakini mzazi aliyekuja mwenyewe na karatasi yenye tarehe husikilizwa tofauti na mzazi asiyepokea simu.

Yule bwana wa kampuni mjibu kwa maneno machache: chumba kimepata mtu. Usipokee amana, usimweleze sababu, maana ukimpa sababu atarudi na bei nyingine. Lakini ili neno lako liwe la kweli, mpigie mama wa saluni leo, kabla hajapata chumba kwingine.

Shangazi